Chenga za Bani

Mkwaju wa kwanza niliuzika kwenye kichuguu.
Nasema niliuzika, wala sijakosea neno.
Ng'ambo nzima inajua mahindi ya kichuguu
hunenepa kama kifundo cha mkono,
basi nikachota udongo ule mwekundu wa mchwa,
nikaushindilia kwa dole gumba
ndani ya sinia la bati nililolitoboa kwa msumari.
Maji yalisimama juu yake
kama mgeni ambaye hakuna aliyemwambia aketi.
Siku ya ishirini na tatu nikaung'oa:
mizizi myeusi, inanuka
kama mchele ulioloweshwa ukasahauliwa.

Wa pili nikaupa udongo wa mbuga,
mweusi, mnono, kutoka majaruba ya Igunga;
dereva wa fuso aliniletea juu ya mzigo, bure.
Ulipolowa ulivimba. Ulipokauka ulipasuka,
na kila ufa ulikata uzi mmoja wa mzizi
kama fundi anayemaliza pindo kwa meno.

Wa tatu, mchanga mtupu wa korongoni.
Maji yaliingia juu yakatokea chini
kabla sijalirudisha kopo kwenye ndoo.
Saa sita mchana, Septemba ya Tabora,
sinia lilikuwa kikaango.

"Samadi ya mbuzi!" akasema Mama Shoma wa duka la pili,
halafu akacheka mpaka akashika mlango:
"Mti wa kimo cha mwiko, nao unataka kula?
Si uuachie ardhi, ukue kama miti ya wenzake?"
Sikumjibu.
Nadhani napenda tu kitu
kitakachozeeka mbele yangu bila kunizidi kimo.

Kisha Msabila, kaka yangu, akapiga simu toka Usoke:
bani la baba limelala upande mmoja,
wanunuzi wa tofali wameshakuja na trekta,
nami nitaje fungu langu.
"Vipande," nikasema. "Vilivyovunjika. Gunia moja."
Akanyamaza muda mrefu. Nilidhani salio limemwishia.

Bani lile. Baba akichochea moto usiku tatu mfululizo,
macho yake na makaa rangi moja,
majani yakibadilika polepole juu ya kichwa chake,
na mwisho wa msimu makato yakala mauzo,
akarudi kutoka chamani na karatasi tu.
Tofali alizifyatua mwenyewe kabla sijazaliwa.
Kwa udongo gani? Nikamuuliza Msabila.
"Wa kichuguu. Ungekuwa upi mwingine?"

Ule ule, basi. Ila huu ulishapita tanurini.

Nikatwanga kwenye kinu cha kisamvu.
Nikashusha chekeche zangu za mchele, zote tatu;
kazi hii naijua, ndiyo inayonilisha:
punje kamili bei juu, chenga bei chini, vumbi la kuku.
Safari hii sheria ikageuka.
Vumbi nikalipeperusha, madonge nikayarudisha kinuni,
chenga nikazibakiza, za ukubwa wa choroko.
Mkaa uliopondwa, konzi moja.
Mboji ya chini ya miyombo, kidogo,
kama unavyotia chumvi mboga ya mgonjwa.

Nikamwaga maji. Yakazama palepale.
Nikasema, haya, mchanga mwingine.
Lakini nilipoliinua sinia lilikuwa zito:
yamejificha ndani ya tofali,
kwenye vitundu visivyoonekana kwa macho,
na baina ya chenga na chenga pamebaki wazi.
Miezi minane nimekuwa nikitafuta udongo,
kumbe mzizi ulikuwa unaniomba nafasi.

Mkwaju wa nne una vijitawi saba.
Jioni nikifunga duka, nao unafumba majani.
Asubuhi nikiumwagilia, harufu inapanda,
tamu, kavu, ya moshi wa Usoke,
inakaa juu ya magunia mpaka saa tatu.
Jana mteja akanusa, akauliza
ni nani anayevuta tumbaku humu ndani.
Nikampimia kilo zake mbili,
nikamhesabia chenji.