Kiwanja Nambari 417

Mimi ndiye niliyepaka rangi.
Wiki tatu, ghorofa ya pili, afisi ya mipango, Mbale,
dirisha likitazama yale mawe makubwa ya Maragoli
ambayo hakuna mkuu wa idara aliyewahi kuyahamisha.
Hudhurungi: makazi. Nyekundu: biashara.
Kijani: mahali pa kupumzikia, ingawa kwetu
kijani ni mahindi, na mahindi hayapumziki.

Nilibonyeza, nikajaza, kiwanja baada ya kiwanja,
kama mtu apakaye siagi kwenye mkate wa mwenzake.
Nilipofika mia nne na kumi na saba mkono ulisita,
kiasi cha kupepesa jicho.
Kisha nikabonyeza.

Hapo ndipo kilipo kisiagi cha shangazi Minayo.
Utotoni mwangu kiliamka kabla ya jogoo,
kikikohoa dizeli, tuk, tuk, tuk,
halafu mkanda ukashika kasi, ukuta wetu ukatetemeka,
na mama akasema, "Mwenzenu ameshaamka, nyinyi je?"
Unga ulimjaa shangazi kwenye nyusi na kope.
Tulidhani ndivyo wanawake wanavyozeeka:
mvi asubuhi, ukioga jioni unakuwa kijana tena.

Sasa jirani yake ni jumba la ghorofa nne,
mali ya mzee Vugutsa, kiinua mgongo chake chote.
Wapangaji ni walimu, na wauguzi wa zamu ya usiku
wanaorudi alfajiri wakitaka kulala.
Sikatai. Muuguzi naye ni mtu.
Barua ya malalamiko ilikuwa na adabu, haikutaja jina:
"shughuli isiyolingana na matumizi ya eneo."

Notisi niliipeleka mwenyewe, kwenye jalada la plastiki
kwa sababu ya mvua.
Siku kumi na nne, nikamwambia, kama una pingamizi.
Akaweka chini gorogoro ya mteja, akapangusa mikono,
akaisoma mpaka chini, pamoja na nambari ya simu.
"Sahihi hii ni ya nani?"
"Ya mkurugenzi."
"Na rangi?"
Mtoto aliyeleta mtama alikuwa akinitazama.
Sikujibu.

Hakupiga kelele. Kelele aliiachia mashine.
Siku ya tisa akaja afisini kwa viatu vya kanisani,
na bahasha: stakabadhi za leseni ishirini na tatu,
moja kwa kila Januari,
za kwanza zina muhuri wa baraza la zamani,
za baadaye muhuri wetu,
zote zimebanwa kwa pini moja yenye kutu.
Juu yake, karatasi yenye mstari mmoja wa wino:
"Kama sikuwa hapa, mlikuwa mkipokea pesa za nani?"

Nikagonga muhuri: IMEPOKEWA. Nikaandika tarehe.
Safari hii mkono haukusita.

Kamati ilipaswa kukaa Jumanne. Haikukaa.
Akidi haikutimia: wawili walikuwa mazishini,
mmoja alikwama Kisumu kwenye semina ya mipango miji.
Barua ya Vugutsa na bahasha ya shangazi
zinalala kwenye droo moja, ubavu kwa ubavu,
kama wenyewe walivyo, ukuta mmoja kati yao.

Jioni nilibaki peke yangu na ramani.
Rangi sina mamlaka ya kuibadilisha.
Lakini kwenye ile nakala ya ukutani
nimeweka nukta ya penseli, ndogo kama punje ya wimbi,
isiyomo kwenye ufunguo wa ramani.
Mkubwa akiuliza nitasema ni uchafu.

Nyumbani unga umeisha.
Kesho, kabla ya kazi, nitabeba gorogoro mbili za mahindi
nikapange foleni kama watu,
na shangazi atanisagia, atapokea pesa yake kamili,
atanirudishia chenji bila neno.
Ni hiyo chenji ninayoiogopa.