Uzi wa Nne

Hoteli ilipofungwa kule Casuarina
waliuza vitanda, kisha mafriji, kisha vijiko kwa kilo.
Gitaa la besi likabaki ukutani mwa baa,
nyuzi tatu,
na pa uzi wa nne pana pengo
kama la mtoto wa darasa la pili.
Mlinzi alitaka elfu nane.
Nilikuwa na elfu tatu mia mbili na simu yenye ufa.
Akachukua vyote, akanirudishia laini.

Mama aliligonga kwa ukucha.
"Na hili nalo linakula nini?"

Linakula, mama.

Lilianza na siku zangu tisa: shingo ilipinda kwa unyevu,
nikaibana juu ya ubao kwa mipira ya baiskeli,
nikilala kando yake kama muuguzi.
Likanywa siki chupa nzima, nyuzi nikizichemsha
mpaka maji yakawa rangi ya chai ya mkandaa.
Mbodze akaja na mwiko, akidhani ni matumbo.

Kisumu Ndogo, kwa Fundi Tsofa,
redio zimekaa uchi hadi mlangoni.
Akalifungua kwa bisibisi ya cherehani.
"Pikapu imekufa."
Nikageuka kutazama barabarani.
"Si gari, wewe. Hii."
Akaniwekea kiganjani kisumaku chenye kutu.

Aliisuka upya kwa shaba ya feni iliyoungua,
mizunguko elfu saba, akihesabu kwa sauti.
Kila aliyepita akisalimu
Tsofa aliitikia, kisha akarudi nyuma mia moja.
Malindi watu wana adabu sana.
Tulimaliza Alhamisi ya pili.

Amplifaya ni redio ya lori la taka,
inakunywa betri ya pikipiki.
Spika ilichanika; tukaiziba kwa karatasi ya saruji.
Sanduku ni mlango wa kabati la mama, tumeukata vipande,
na kioo chake hatukukibandua:
kiko mle ndani, gizani,
kinaitazama sauti.

Likanguruma. Nikigusa nyuzi, linanyamaza.
Nikiachia, linanguruma.
"Waya wa ardhi hauna," akasema Tsofa, akifuta mikono.
"Basi wewe ndiye ardhi. Usiachie."

Harusi ya kwanza, Mambrui.
Mwenye tuktuk alilipima sanduku kwa jicho:
"Huyu ni abiria. Tena mnene."
Nikalipa nauli mbili, nikavuka Sabaki
nimelikumbatia kama bibi arusi wa watu.

Kahindi ana kinanda kipya, taa za buluu,
akaniuliza hicho ni kibanda cha kuku au nini.
Sikumjibu. Nilikuwa ardhi.

Saa nne na robo stima ikapotea.
Kinanda kikafa katikati ya noti.
Maikrofoni ikafa, na mwimbaji mdomo wazi.
Giza, watoto, mtu anaita Shamte, Shamte, lete tochi,
na chini ya yote hayo
dum, du-dum,
nyuzi tatu za siki na betri ya pikipiki.

Sikujua kama niendelee.
Shangazi mmoja, simjui hata leo,
akaja akipapasa, akaweka kiganja juu ya sanduku,
akakiacha hapo.
Kisha nikasikia viatu vinavuliwa.
Kisha kiuno kimoja kikapata njia, na kingine,
na kigelegele kikatoka pembeni, kisicho na uso.
Dakika arubaini. Kidole kilipasuka, nikabadili kidole.

Malipo: elfu mbili. Toa tuktuk kwenda na kurudi,
toa deni la Tsofa, toa soda ya Kahindi, maana aliomba.
Zikabaki mia sita na hamsini.

Uzi wa nne ulikuja na basi kutoka Mombasa
ndani ya bahasha, mwembamba, unang'aa, mia sita kamili.
Nikaufunga. Nikaukaza. Ukatoa sauti nzuri kabisa,
ya juu, safi kama kijiko ndani ya glasi.

Miezi miwili sasa.
Vidole vyangu vinafika kwenye uzi wa tatu
na kugeuka nyumbani.
Mbodze ananiuliza ule mpya ni wa nini.
Naufuta kila Ijumaa, kwa kitambaa chake peke yake.