Upande wa Chini

Mwaka ule presha ya macho iliponimaliza
walikuja na pole. Mama Semeni na pole ya sukari kilo mbili,
jamaa wa msikitini na pole ya bahasha,
shemeji kutoka Mbagala na pole ndefu, yenye kilio ndani,
mpaka nikamwambia Tausi: funga mlango,
pole zimejaa, hata pa kukaa hakuna.

Siwadanganyi. Miezi minane nililala nikitazama ukuta
(natumia neno hilo, kutazama, sijapata jingine),
nikamtukana mtoto kwa kuhamisha kigoda.
Mwanaidi alikuwa na miaka sita. Hakulia.
Tangu siku hiyo kila kitu kwetu kina mahali pake,
naye akinipita huburuza kandambili makusudi
ili nijue.

Fundi Chiduo ndiye aliyenifuata. Hakusema pole.
Alisema, "Bado nakudai kitanda cha watu,"
akanipa kiwiko nikishike,
tukavuka barabara ya Chang'ombe
malori yakitupigia honi kama tumeyakosea.

Keko ilinijia kwa puani:
mninga na utamu wake wa mbali,
mkongo mkavu kama daftari jipya,
mtiki ukipasuliwa unanuka ngozi,
na vanishi juu ya vyote, ikichoma koo.
Akanitia msasa mkononi.

Sasa mbao haitoki hapa kabla sijaigusa.
Vidole vinakamata kijinundu
ambacho macho ya Lusajo yamekiruka mara tatu.
Ananichukia kidogo, Lusajo.
Umeme ukikatika, mashine ya randa ikanyamaza,
nasikia mkono wake unavyodanganya.
"Polepole," namwambia,
na neno lile lile nililolifungia mlango
linatoka kinywani mwangu likiwa na kazi.

Zipo siku mbaya. Jana nilitumbukia mtaroni.
Msamaria mmoja akanivuta juu, akauliza,
"Nani kakuruhusu kutoka peke yako?"
Nilirudi na tope hadi magotini. Sikula.
Usiku nikamwota Mwanaidi, miaka sita,
gauni la njano, pengo la mbele.
Mwezi wa tatu alitimiza kumi na tano.

Leo ipo meza ya mteja wa Tabata, ya watu wanane.
Juu nimemaliza. Nimeipindua.
Lusajo anacheka: "Huko chini nani atapaona?"
Hakuna. Hata mimi.
Ila itafika kwenye nyumba yenye mtoto,
na siku moja mtoto atajificha humo,
kwa mchezo, au kwa ugomvi unaopita juu yake,
atainua kiganja gizani
apapase.