Mafiga

Karibuni. Sakafu imepigwa deki alfajiri,
na jua la Malindi limeshaikausha.
Madawati ni mafupi, najua. Baba Nyevu, magoti yatakugusa kidevu,
lakini kaa hapo hapo: ndipo atakapokaa mwanao mwaka mzima.

Mimi ni Jumwa. Yule anayechonga penseli ni Twahir.
Darasa la pili, walimu wawili, ubao mmoja.
Nasikia mnanong'ona kule dirishani:
mafahali wawili, zizi moja?
Aa, sisi si mafahali. Chaki ikivunjika tunagawana.
Mimi nikisoma hadithi, yeye huzunguka
akimtafuta asiyenyanyua mkono.
Yeye akifundisha kutoa, mimi huchuchumaa
kando ya anayehesabia vidole chini ya meza.
Na tukipishana, tutapishana mbele yao,
waone mtu mzima akisema, "Hapo nimekosea."

Watoto wajanja. Atakayenyimwa ruhusa na Twahir
atanijia mimi kwa sauti ya asali.
Atakuta jibu lile lile limemtangulia.

Bi Mwanasiti, mjukuu wako amejificha ndani ya leso yako.
Mwache. Atatoka kengele ikilia, au atatoka kesho.
Niambie tu anaitwaje nyumbani,
maana jina la rejista hakuliitikia.

Mafiga mawili tumeshayapanga, mnayaona.
Chungu bado tumekishika mikononi,
na ni kizito, wazazi wetu wa Maweni,
ni kizito.