Jina la Kanga

Jicho la kushoto nimelifumba miaka arobaini na moja.
Mke wangu asema hata usingizini ndilo linalotangulia kulala,
la kulia labaki kidogo, likitafuta.

Niulize nimeona nini, nitakujibu kwa miraba:
bondia wa Makorora, jino kiganjani, anacheka;
waziri na utepe wa kiwanda, mkasi umegoma,
mlinzi anampenyezea kisu
(hiyo haikutoka gazetini);
behewa limelala ubavu njia ya Korogwe
na kiatu kimoja cha mtoto.
Nilikizunguka mara tatu. Kamera sikuinua.
Kisha kiwanda kile kile, miaka kumi na tisa baadaye,
mbuzi kajinyoosha palipokuwa utepe.

Filamu nilizitia bahashani, nikampa utingo wa basi la alfajiri:
“Mwambie mhariri, ya pili ndiyo picha.”
Mhariri alichapa ya tano.
Siku zote ya tano.

Mashuhuri hawapendi kusubiri, wapenda kusubiriwa.
Nimewasubiri Mkwakwani, jua la saa saba utosini,
nimewasubiri Raskazone kwenye ngazi za hoteli,
nyuma ya jukwaa, penye udi na jasho na ugomvi wa malipo.
Namjua anayeficha kipara,
namjua asiyetaka apigwe upande wa kushoto,
na yule aliyeazima viatu, nikamkata magotini, akanishukuru kwa macho.

Zulekha Mwinjuma ndiye hakusubirika.
Ukimngoja mlango huu, sauti yake imeshatokea ule.

Nilimpata siku moja tu, mwaka wa foleni za sukari,
Ngamiani, mamaye anatolewa.
Jeneza limeshavuka kizingiti, wanaume wamelibeba,
naye mlangoni, miguu mitupu, kichwa wazi,
mdomo ambao Tanga nzima iliulipia kiingilio
umefunguka, na hautoi kitu.
Kidole changu hakikuniuliza.

MALKIA ALIA, likaandika gazeti. Ukurasa wa kwanza.
Safari hiyo mhariri alichapa ya pili.

Akaja studio, barabara ya kumi na mbili.
Hakupaza sauti. Alilitandaza gazeti mezani.
“Umeniuza shilingi ngapi?”
Nikamtajia, bei ya kweli.
“Rahisi,” akasema, akatoka,
na harusi zote za ukoo wake zikapigwa picha na mwingine.

Juzi mlango ukagongwa. Fimbo, mjukuu, miwani minene.
Hakunisalimu.
“Ile unayo?”

Ninayo. Bati la biskuti, bahasha, namba, tarehe.
Lakini unyevu wa mji huu hauna adabu;
kuvu huanza na nyuso, sijui kwa nini.
Nikaiinua negativu dirishani, moyo unanidunda kama kijana wa kazi:
pale palipokuwa Zulekha pana ua jeupe, limemla shingo na nywele.
“Bibi, uso wako umekwenda.”
“Uso wangu ninao. Nataka kanga.”

Kanga?
Ile iliyofunika jeneza. Ya mama.
Yeye na dada yake Mwanapili wamebishana miaka yote hii:
iliandikwaje?

Miaka yote hii na mimi sikuwahi kuitazama.
Nikatwaa lenzi. Maandishi yalikuwa kinyume, nikaigeuza.
HODI SI NENO,
na baada ya mkato, mkono wa mchukuzi,
vidole vinne vya mtu ambaye naye keshabebwa.

Akasoma. Akasoma tena, midomo ikicheza bila sauti,
mdomo ule ule.
“Mwanapili kashindwa,” akasema. Kisha, “Na mimi nimeshindwa.”
Akaitia negativu mkobani pamoja na tambuu.
Bei hakuuliza.

Daftarini nimeandika: imechukuliwa na mwenyewe.

Sasa asubuhi napita maduka ya kanga, shingoni sina kitu,
mabega yangu yashangaa wepesi.
Nawauliza wauzaji, na baba zao waliokaa nyuma:
Hodi si neno, halafu?
Mmoja ananipa hili, mwingine lile.
Nawashukuru. Naenda duka la pili.