Buli

Ameshuka treni ya saa kumi na moja,
viatu vimelowa ukungu wa Haputale,
mgongoni begi kubwa kama deni,
na kabla hajauliza kitanda, ameuliza bia.

Hakuna, nikamwambia. Leo ni Poya.
Akatazama friji nyuma yangu:
nimeifunika shuka tangu jana usiku
kama kochi la nyumba iliyohamwa.

Basi sikiliza, mgeni, kwa kuwa kitabu chako
kimekueleza maporomoko ya maji na nauli ya bajaji,
kikausahau mwezi.
Kila ukijaa, nchi hii hufunga koki.
Si mara moja kwa mwaka. Mara kumi na mbili,
na mwaka ukiwa mkarimu, kumi na tatu.
Duka la Ratnasiri, lile la nondo,
ambalo jana jioni foleni yake ilifika posta,
leo lina kufuli na mbwa aliyelala.
Buchani ndoano zinaning'inia tupu.
Hoteli kubwa yenye bendera sita nayo ni hivyo hivyo;
meneja atakuomba radhi kwa Kiingereza kinachopita changu,
basi.
Vesak ikifika, Mei, ni siku mbili mfululizo,
lakini usihuzunike: barabarani utasimamishwa
na vijana usiowajua, wakupe wali na dengu, wakupe aiskrimu,
na wakiikataa pesa yako, irudishe mfukoni.
Hekaluni vua viatu, vua kofia, funika magoti,
wala usimpe Buddha mgongo ili upigwe picha.

Akacheka. Wouter, ndilo jina aliloandika daftarini.
"Pale kwa Lionel, chini ya daraja,
nasikia ukiagiza chai baridi
inakuja ndani ya buli, na ina povu."

Najua. Nalijua buli hilo kumshinda Lionel.

Letu lilikuwa la bluu, limemeguka mdomo.
Baba, mshika bendera wa stesheni ya Ohiya,
alitia humo araki ya maua ya mnazi
ili bibi asijue. Bibi alijua. Paka alijua.
Nikirudi shule nililigusa ubavuni kwa mgongo wa vidole,
kama unavyompima mtoto homa:
likiwa na joto, tulikula sote mezani;
likiwa baridi,
nilimshika mkono Nimanthi, mdogo wangu,
tukafanyie hesabu zetu kwa jirani.

Siku ya Poya mama alivaa nyeupe, akashika amri nane,
akapanda hekaluni na kikapu cha maua.
Baba, aliyekosa pa kununua,
alikaa kizingitini akituchongea penseli,
mikono inamtetemeka, penseli zinazidi kuwa fupi.
Sisemi sheria ilimponya.
Kesho yake saa tatu asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye nondo.
Na Poya nyingi alijiwekea chupa mbili mapema,
mwezi ukapita juu ya paa bila kutufaa kitu.
Lakini zile alizosahau kujiwekea,
ninazo. Ni saba.
Naweza kukutajia tarehe.

Wouter sikumwambia haya. Nilimwambia ya polisi:
kwamba wengine huja bila sare,
kwamba faini itakuwa yangu, si yake,
kwamba chupa aliyoingia nayo begini
ni siri yake na chumba chake,
asiitoe barazani majirani wakipita na taa za mafuta.

Kisha nikachemsha maji.
Ngoma ya hekalu ilikwishaanza kule juu,
mwezi unatoka nyuma ya vichaka vya chai,
mnene, hauna haraka.
Nikaweka buli mbele yake.
Akalizungushia viganja vyote viwili, kwa ile baridi,
akasema, "Aa, la moto."

La moto, nikasema.
Nikabaki nimesimama pale
kidogo kupita inavyompasa mhudumu.