Vibandiko

Sheria ilipoanza kazi, kibanda changu cha magazeti
karibu na stesheni ya Panevėžys
kililetewa bunda la karatasi nyeupe zenye gundi
na barua ya kurasa nne, ina muhuri:
picha yoyote ya kileo katika jarida la kigeni
ifunikwe kabla ya kuuzwa.

Nikaketi na glavu zisizo na vidole,
nje theluji, ndani hita ndogo inakoroma,
nikafunika wiski ukurasa wa tisa,
nikafunika shampeni mkononi mwa bibi harusi
(akabaki anauchekea mraba mtupu),
nikafunika bia, bia, mvinyo, bia,
hadi vidole vikagandana.
Laiti ingekuwa hivi, nikasema,
chupa ikibandikwa karatasi haipo.

Baba yangu Zenonas, fundi saa,
hajawahi kusoma jarida la kigeni.

Bungeni Vilnius walibishana miezi tisa.
Nilisikiliza redioni nikihesabu chenji:
mmoja akasema uhuru, mwingine akasema mapato,
wa tatu akasoma idadi ya waliokufa kwa ini
kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni.
Kisha kengele, kisha kura, kisha vifungu:
umri, miaka ishirini;
rafu zifungwe saa mbili usiku,
Jumapili saa tisa alasiri;
na kifungu cha kumi na saba, ambacho hakuna aliyekipigia kelele:
fedha kidogo za utafiti,
watu waulizwe.

Basi akaja Skirmantė, mtafiti, buti zimelowa,
kalamu inaning'inia shingoni kwa uzi.
Akamuuliza baba: kwa wiki, glasi ngapi?
Baba akatazama saa ya ukutani, aliyoitengeneza mwenyewe
mikono ilipokuwa bado inamtii.
"Mbili," akasema.
Mama akainama kuokota kitu ambacho hakikuanguka.
Mimi nilikuwa mlangoni,
nimeficha nyuma ya sketi chupa tatu za asubuhi ile,
tupu, nimezibana zisigongane.
Mbili ikaandikwa.
Mbili ikasafiri hadi wizarani,
ikajumlishwa na mbili za wengine,
na nchi nzima, kwa hesabu hiyo, ikawa ya watu wa kiasi.

Sitaisema vibaya sheria. Jumapili moja
nilimwona baba saa tisa na dakika tano
mbele ya duka, rafu imeshushiwa pazia,
anaiangalia saa yake ya mkononi, anaitikisa,
anaiweka sikioni.
Fundi saa, ameshindwa na dakika tano.
Alirudi na kabichi.
Wiki iliyofuata alinunua Jumamosi.

Mwaka ukapita. Skirmantė akarudi, buti zilezile,
swali lilelile.
Saa ya ukutani ilikuwa imesimama tangu Pasaka,
hakuna wa kuitia ufunguo.
Baba akafungua mdomo, akaufunga.
Nikaingojea ile mbili.
"Sijui," akasema. "Sijui, mwanangu. Hesabu ilinipotea zamani."

Fomu haina nafasi ya sijui:
sifuri; moja hadi tatu; nne hadi saba; zaidi.
Kalamu ikakaa hewani hadi chai ikapoa,
kisha Skirmantė akaandika pembeni, kwa herufi ndogo,
nje ya mistari yote, neno lenyewe.
Mama safari hii hakuinama.

Leo redio inasema kifungu cha kumi na saba kitafutwa,
serikali inabana matumizi,
na majibu, anasema msemaji, hayaeleweki.
Nabandika ukurasa wa tisa.
Ukiuinua kuelekea taa
chupa ingalipo, kivuli cha rangi ya asali,
kimesimama wima nyuma ya weupe.

Baba anapita upande wa pili wa barabara.
Mkoba wake umeelemea kushoto.
Kabichi, au lile jingine.
Nifute dirisha nione? Mvuke umetanda.
Sijui.
Niandikeni pembeni.